Afya ya Watoto Kambini ni Dhamana ya Nani?

Kila unapokaribia msimu wa mitihani ya taifa, skuli zetu nyingi za Unguja na Pemba hufungua makambi. Madawati husogezwa kando, magodoro hutandikwa sakafuni, wazazi huchangishana mchele, maharage na mafuta, na vijana huhamia skuli kwa wiki kadhaa ili wasome mchana na usiku chini ya uangalizi wa walimu wao. Utaratibu huu umezaliwa na ari ya wazazi na walimu wenyewe, na mtu yeyote mwenye kuwatakia watoto wetu mema hawezi kuubeza. Mtoto ambaye nyumbani hana taa ya kusomea, au ambaye akitoka skuli hutumwa konde au dukani mpaka magharibi, hupata kambini nafasi ambayo hakuwa nayo.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo katika maandalizi ya makambi haya aghalabu hutajwa mwisho, na mara nyengine halitajwi kabisa. Kikao cha wazazi hujadili mchango wa chakula, ratiba ya masomo, posho ya walimu wa usiku na ulinzi wa wasichana. Ni nadra kumsikia mzazi akisimama na kuuliza: siku maradhi ya kuambukiza yatakapoingia humu, mtoto wa kwanza kuumwa atalala wapi, nani atampima joto, nani ataarifiwa, na kwa muda gani? Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Tunalielekeza kwa wazazi na walimu wakuu na, kwa namna ya pekee, kwa wakubwa wa wilaya na wa wizara zinazohusika.

Maana maradhi yataingia. Watoto wanapokusanyika kutoka shehia tano au sita na kulala chumba kimoja, maradhi hupata njia ambayo hayakuwa nayo. Nyumbani mtoto mwenye mafua huwaambukiza ndugu zake wawili watatu. Kambini wapo vijana 40 katika darasa moja lililogeuzwa dakhalia. Wanavuta hewa moja usiku kucha, wanachota maji kwa kata moja, wanaazimana taulo, kofia na khanga. Shurua, kwa mfano, huenea kwa wepesi kuliko karibu maradhi yote tuyajuayo. Kijidudu chake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na katika kila watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, 9 huambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuwaambukiza wenziwe siku 4 kabla ya vipele kutokeza, yaani wakati ambapo mwalimu anaona homa, mafua na macho mekundu tu. Tetekuwanga hujificha mwilini siku 10 hadi 21, kwa hiyo mtoto aliyeingia kambini akiwa mzima anaweza kuugua wiki ya pili kwa maradhi aliyotoka nayo kwao. Kipindupindu hakina subira hiyo. Huweza kutokeza saa chache baada ya kijidudu kumezwa, na mgonjwa asiporudishiwa maji mwilini huweza kufa siku hiyo hiyo. Yapo na yale yasiyoua lakini yanayoweza kuivuruga kambi nzima, kama upele na macho mekundu. Na kila aliyeyaona macho mekundu yalivyoenea nchini mwanzoni mwa mwaka 2024 anajua taulo moja inaweza kufanya kazi gani.

Isije ikadhaniwa kwamba tunawatisha watu kwa mambo ya kubuni. Katika mwaka 2020, dunia ilipokuwa imeelemewa na UVIKO-19, huko Marekani zilifunguliwa kambi za watoto za majira ya joto. Hizo ni desturi ya nchi ile: skuli zikifungwa, watoto hupelekwa mahali penye miti au kando ya ziwa, wakalala huko na kucheza na kujifunza kwa siku nyingi. Habari mbili za kambi hizo zilichunguzwa na wataalamu wa afya wa nchi ile na kuchapishwa kwa hesabu kamili, na kwa mwenye kusimamia kambi yoyote, ya masomo au ya michezo, ni habari zinazostahili kusomwa pamoja.

Ya kwanza ni ya kambi moja katika jimbo la Georgia, mwezi wa Juni. Kila aliyeingia, awe mtoto au mfanyakazi, alitakiwa alete majibu ya kipimo kilichofanywa ndani ya siku 12 kabla ya kuwasili, yenye kuonyesha kwamba hana maradhi. Wafanyakazi walitakiwa kuvaa barakoa, watoto hawakutakiwa. Walilala wengi katika vibanda, madirisha na milango haikuachwa wazi ili hewa ipite, na kila siku watoto waliimba na kushangilia kwa sauti kubwa. Jioni ya tarehe 22 Juni kijana mmoja miongoni mwa wasimamizi akashikwa na baridi mwilini. Kesho yake akaondoka, na tarehe 24 kipimo kikaonyesha kwamba ameambukizwa. Siku ile ile kambi ikaanza kuwarejesha watoto makwao, na tarehe 27 ikafungwa. Waliohesabiwa katika uchunguzi walikuwa watu 597. Majibu ya vipimo yalipatikana kwa 344 kati yao, na katika hao 260 walikuwa wameambukizwa. Watoto wa miaka 6 hadi 10, ambao wengi walidhani maradhi yale hayawagusi, ndio walioambukizwa kwa kiwango kikubwa kuliko rika nyengine. Ilikuwa kama nusu yao.

Habari ya pili ni ya kambi 4 za jimbo la Maine, katika majira hayo hayo. Zilikusanya watu 1,022, watoto na wafanyakazi, kutoka majimbo 41 na hata kutoka nchi za nje. Hapa pia watu walipimwa kabla ya kuwasili, lakini kazi haikuishia hapo. Familia zilitakiwa kujitenga nyumbani siku 10 hadi 14 kabla ya safari. Walipofika walipimwa tena. Waligawanywa makundi ambayo hayakuchanganyika, waliulizwa hali zao kila siku, walivaa barakoa walipokutana na wasio wa kundi lao, na shughuli zilifanyika nje kila ilipowezekana. Maradhi yaliingia hata hivyo: watu 3 walionekana wanayo, ilhali wenyewe hawakuhisi lolote. Wakatengwa, wenzao wa karibu wakawekwa karantini, na hapakupatikana mtu mwengine hata mmoja aliyeambukizwa kutokana nao.

Msomaji aziweke habari hizi mbili ubavu kwa ubavu. Kambi zote 5 zilidai majibu ya kipimo mlangoni. Ile ya Georgia iliuamini mlango wake, ikalala. Zile za Maine zilikubali tangu mwanzo kwamba mlango wowote utapitwa, zikajipanga kwa ajili ya siku hiyo. Sisi huku tuna tabia ya kwanza. Tukishamdai mzazi cheti cha daktari, au tukishampima mtoto joto siku ya kwanza mbele ya wageni rasmi, tunaona tumemaliza.

Tutaambiwa kwamba wale wana fedha na sisi hatuna. Ni kweli kwamba skuli zetu haziwezi kumpima kila mtoto mara mbili kwa kila maradhi, na hatudai hivyo. Lakini kambi ya Georgia nayo ilikuwa na fedha, na dirisha halikufunguliwa. Kufungua dirisha, kuwalaza watoto kwa kupishana, huyu kichwa ukutani na mwenziwe miguu ukutani, kuwatoa wasome chini ya miembe na barazani badala ya kuwabana ndani, na kuwapanga kumi kumi, wale wanaolala pamoja ndio wanaokula pamoja na kusoma pamoja, yote haya hayahitaji fungu katika bajeti. Faida ya kupanga kumi kumi huonekana siku ya mgonjwa wa kwanza: mwalimu anajua ni watoto 9 wa kuwaangalia kwa karibu, wala si kambi nzima ya watoto 120.

Katika jambo la madirisha hatuna budi kuwa wakweli. Usiku madirisha ya makambi yetu hufungwa kwa sababu za maana: mbu, wezi, na stara ya wasichana. Mwalimu wa kike anayelala na wasichana 50 hawezi kulaumiwa kwa kufunga dirisha linaloelekea barabarani. Hapa ndipo Serikali za Mitaa na kamati za skuli zinapotakiwa kutia mkono. Wavu wa mbu dirishani, pazia la khanga kuukuu na mlinzi mmoja wa usiku si mambo makubwa, na kwa hesabu yetu gharama yake ni ndogo kuliko ile ya hema, viti na chakula cha wageni siku ya ufunguzi.

Sasa tuingie katika jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hewa na maji, nalo ni ukimya. Mzazi ambaye mtoto wake ameamka na homa siku ya kwenda kambini humpa vidonge vya kuteremsha homa, akamfunga begi, akamwambia asiseme. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anaogopa kwamba mtoto akibaki nyumbani wiki moja atakuwa ameachwa na wenziwe, na mtihani haumngoji mtu. Mtoto naye akianza kuharisha usiku wa manane hunyamaza, kwa haya na kwa kuogopa kurudishwa. Mwalimu mkuu akiona watoto watatu wanaumwa kwa dalili zinazofanana husitasita kupeleka habari wilayani, kwa sababu anajua majibu yatakuwa ni kufungiwa kambi na kuulizwa kwa nini skuli yake ni chafu, na mwisho wa mwaka, matokeo yatakapobandikwa, hakuna atakayekumbuka kwamba alisema kweli. Na ofisa wa wilaya, ikiwa habari imemfikia, naye ana mkubwa wake.

Basi ukimya hupanda ngazi moja baada ya nyengine, na katika kila ngazi yupo mtu mwenye sababu inayoeleweka. Wazee wetu wamesema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini tuwe waadilifu tuulize: ni nani aliyemfundisha mwalimu kuficha? Tumemfundisha sisi. Kila tulipomkaripia aliyetoa habari na kumsifu aliyetoa matokeo, tulikuwa tukimfundisha.

Dawa ya ukimya wa namna hii haiko katika adhabu. Mzazi awe na hakika kwamba mtoto akibaki nyumbani kwa homa nafasi yake kambini haipotei, na kwamba madaftari ya masomo yatapelekwa kwao na mwalimu au na mwenziwe, yawekwe mlangoni. Mtoto aambiwe siku ya kwanza, mbele ya wenziwe wote, kwamba anayesema anaumwa hafukuzwi wala hachekwi. Na mwalimu mkuu anayetoa habari ya mgonjwa wa kwanza ndani ya siku moja alindwe kwa maandishi na ofisi ya wilaya, asije akaandikiwa barua ya kujieleza. Barua za kujieleza ziwekwe kwa yule aliyekaa na wagonjwa 10 siku nne bila ya kusema.

Visiwa vyetu si wageni wa mambo haya. Kule Changuu, ng'ambo kidogo tu ya Mji Mkongwe, lilijengwa jengo la jela katika miaka ya 1890 ambalo halikupata kutumiwa kuwa jela. Mahali pale pakageuzwa karantini, na abiria waliotoka ng'ambo wakawekwa huko kwanza, kwa hofu ya homa ya manjano na maradhi mengine, kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Wakoloni walikuwa na madhambi yao mengi na hatuyasahau. Lakini fikra yenyewe, kwamba mgeni apate mahali pa kukaa na kuangaliwa kabla ya kuchanganyika na watu, ni fikra sahihi, na bahari ilitusaidia kuitekeleza. Kambi ya watoto haina bahari ya kuizunguka. Changuu yake ni chumba kimoja.

Chumba hicho ndicho tunachokiulizia kwanza tunapoitembelea kambi, na mara nyingi huonyeshwa stoo. Si lazima kiwe kikubwa. Kiwe na kitanda au magodoro mawili yaliyoachana, dirisha linalofunguka, ndoo ya maji safi yenye bomba na kipande cha sabuni, choo ambacho wengine hawakitumii, kipimajoto, na chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Kiwe karibu na mahali anapolala mtu mzima aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Mtoto anayewekwa humo asihisi amewekwa kifungoni. Aende mtu kumtazama kila saa, apelekewe chakula chake mwenyewe katika chombo chake mwenyewe, na mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Kuhusu maji, wananchi wa visiwa hivi hawahitaji kusomeshwa. Tangu mlipuko wa mwaka 1978 kipindupindu kimerudi kwetu mara nyingi, na ule ulioanza Septemba 2015 na kuendelea hadi katikati ya mwaka 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000, wakafa zaidi ya 60. Tangu hapo zimefanywa juhudi kubwa za kukitokomeza, na ni juhudi za kusifiwa. Lakini kambi moja tu yenye pipa lisilofunikwa na kata inayotumbukizwa na kila mkono inaweza kuirudisha shehia nyuma. Mkono uliotoka chooni huingia ndani ya pipa pamoja na kata, na kuanzia hapo hakuna mtoto anayekunywa maji ya peke yake. Ndoo yenye bomba huondoa balaa hilo kwa bei ya ndoo. Maji yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo anachoelekeza ofisa wa afya; si kwa kukisia, maana pungufu haiui vijidudu na zaidi huyafanya maji yasinyweke, na watoto watakwenda kutafuta mengine kisimani.

Wapishi nao watazamwe. Kinamama wanaojitolea kuwapikia watoto wanafanya kazi ya heshima na wengi hawalipwi chochote, kwa hiyo ni jambo la kuona haya kwamba mara nyingi hatuwapi hata sabuni. Mpishi mwenye kuharisha apumzishwe bila ya kulaumiwa, awepo wa kushika nafasi yake. Wali uliobaki mchana usiwekwe katika sufuria mpaka usiku ukaliwa hivyo hivyo. Na siku za wazazi kuwatembelea watoto, ambazo ndizo siku za furaha kambini, ndizo siku ambazo vyakula vya kila namna huingia humo na kugawanywa. Hatusemi zipigwe marufuku. Tunasema vyakula vinavyochacha upesi, kama samaki wa nazi na maandazi yenye mchuzi, viliwe hapo hapo mzazi akiwapo, visifichwe chini ya mto.

Majirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa kwa njia hiyo mwaka 2023. Katika skuli moja ya bweni ya wasichana huko Kakamega, mamia ya wanafunzi waliugua matumbo na homa kutokana na vijidudu vilivyohusishwa na chakula na maji machafu. Wanafunzi na mwalimu wakafariki, na mwezi wa Aprili skuli ikafungwa. Ilikuwa skuli yenye majengo, jiko na bweni la kudumu. Makambi yetu hayana hata hivyo vyote.

Lipo na jambo la homa. Kwa miaka mingi katika visiwa hivi kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vyenginevyo, na mwalimu mzoefu alikuwa na vidonge katika mtoto wa meza. Hali imebadilika. Kwa kazi kubwa ya vyandarua, upuliziaji wa dawa na upimaji, maambukizi ya malaria Zanzibar yameshuka hadi chini ya asilimia 1. Ni ushindi mkubwa, lakini maana yake kambini ni kwamba homa ya mtoto leo kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya kitu chengine, na huenda kikawa kitu kinachoambukiza. Mwalimu asitibu kwa mazoea. Kituo cha afya kina kipimo cha malaria kinachotoa majibu kwa dakika chache. Mtoto apelekwe huko, na ikiwa si malaria, hiyo isiwe habari ya kufurahia na kurudi naye dakhalia, iwe ni sababu ya kumtenga na kumwangalia. Mtoto anayeharisha maji mfululizo, anayeshindwa kunywa, anayepumua kwa shida, au mwenye homa na shingo iliyokaza, asingojee asubuhi wala asimngojee mzazi. Chumvichumvi ianze kutolewa hapo hapo kwa anayeharisha na gari litafutwe.

Tumesema juu ya kufungwa kwa kambi, na hapo tuna neno kwa wakubwa. Habari ya maradhi inapotoka, amri inayotolewa kwa haraka ni kuwatawanya watoto, kila mmoja aende kwao. Amri hii humridhisha mtoa amri kwa sababu kambi inakuwa tupu na tatizo halionekani tena. Lakini watoto 120 waliolala na mgonjwa wa shurua, wakipandishwa daladala magharibi ile ile, huipeleka shurua katika shehia zote walikotoka, kwa wadogo zao wachanga ambao hawajafikia miezi 9 ya chanjo ya kwanza. Wapo na wale watakaopanda boti kuelekea kisiwa cha pili. Kufunga au kutofunga ni uamuzi wa ofisa wa afya wa wilaya baada ya kujua ni maradhi gani na nani alikuwa karibu na nani. Mara nyengine uamuzi sahihi utakuwa kuwabakisha wazima pale pale, kwa makundi yao, wakiangaliwa kila asubuhi, na ikiwa ni lazima waende, waende na barua kwa sheha na kituo cha afya ili wafuatiliwe. Amri ya simu kutoka mjini, inayotolewa kabla ya daktari kufika, haifai.

Kuhusu chanjo tutasema maneno machache, kwa kuwa Wizara ya Afya imeshayasema mengi. Mtoto wa Tanzania hupata chanjo ya shurua mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Wapo vijana waliopata moja, na wapo waliokosa zote. Siku ya kuandikishwa kambini, wiki mbili kabla na si asubuhi ya kuingia, kadi ziangaliwe na wasiokamilisha wapelekwe kituoni, maana mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Mzazi aliyepoteza kadi asikaripiwe. Wengi wamepoteza kwa mvua, kwa kuhama na kwa panya. Aelekezwe tu.

Tunawaomba pia maofisa wa afya wasije kuikagua kambi siku ya ufunguzi. Siku hiyo uwanja umefagiwa, mapipa yamefunikwa na walimu wamevaa nguo nzuri. Waje saa 4 za usiku, bila ya taarifa, katika wiki ya pili. Wahesabu magodoro. Watazame kama karibu na choo pana maji na sabuni. Wamuulize mtoto yeyote, si kiongozi wa wanafunzi aliyeandaliwa, kwamba akiumwa usiku huu atamwamsha nani. Mtoto akilitaja jina la mtu bila ya kufikiri, kambi hiyo ina uongozi.

Kabla ya msimu ujao, ofisi za wakuu wa wilaya za Unguja na Pemba zikae na maofisa wa elimu na wa afya na kuandika waraka mfupi wa ukurasa mmoja, usiozidi, wenye namba ya simu inayopokelewa usiku. Kila skuli inayotaka kulaza watoto ijaze waraka huo: kipo chumba cha mgonjwa au hakipo, zipo ndoo ngapi zenye bomba, watoto wangapi watalala katika kila chumba, na ni mtu mzima gani, kwa jina, atakayelala karibu nao. Skuli itakayoshindwa kuujaza isinyimwe kambi, inyimwe ruhusa ya kulaza tu. Iendeshe kambi ya kutwa, watoto wapewe chakula cha mchana, wasome hadi saa 11 jioni, kisha warudi wakalale kwao.